Soichiro Honda: Mwana wa mhunzi aliyezifunza injini ndogo kupumua

NI madereva wachache nchini Kenya ambao hawajapata kuziona herufi VTEC zikiwa zimebandikwa ubavuni au nyuma ya gari lililoingizwa kutoka Japani. Wapo wanaozionea fahari bila kujua zinasimamia jambo gani, na wapo mafundi wa gereji wanaoziogopa, wakiamini kuwa injini yenye herufi hizo haitengenezeki pindi inapoharibika. Lililoenea zaidi ni dhana kwamba mtambo huo ulibuniwa na Soichiro Honda, mzee ambaye jina lake la ukoo ndilo nembo ya magari hayo.

Dhana hiyo si kweli. VTEC ilipoingia sokoni mnamo Aprili 1989, Soichiro alikuwa na umri wa miaka 82 na alikuwa amestaafu kwa zaidi ya miaka 15. Hata hivyo, ni vigumu kueleza asili ya mtambo huo bila kusimulia maisha yake. Tangu ujana hadi siku aliyoacha kazi, swali lililomnyima usingizi lilikuwa moja tu: vipi injini ndogo itoe nguvu zinazotarajiwa kwa injini kubwa?

Soichiro alizaliwa Novemba 17, 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, mkoani Shizuoka. Babaye, Gihei, alikuwa mhunzi ambaye baadaye alianza kutengeneza baiskeli, na mamaye, Mika, alikuwa mfumaji. Familia haikuwa na mali. Mtoto alikulia mbele ya tanuri na nyundo, na siku gari la kwanza lilipopita kijijini mwao, alilikimbilia kwa nyuma na kuinama kunusa oili iliyodondoka barabarani. Harufu hiyo aliikumbuka hadi uzeeni.

Masomo hayakumvutia. Shuleni kwao ilikuwa lazima ripoti ya mwanafunzi igongwe muhuri wa mzazi, nayo ripoti yake haikuwa ya kuonyesha mtu. Akachonga muhuri wa bandia kutokana na mpira wa pedali ya baiskeli. Hila ilifaulu kwa sababu maandishi ya jina lake yana sura ile ile yakisomwa moja kwa moja au kwenye kioo. Alipoanza kuwachongea wenzake mihuri, majina yao yakatokea kinyume, na mwalimu akamnasa. Mnamo 1917, akiwa na umri wa miaka kumi, alichukua baiskeli ya babaye bila idhini na kusafiri hadi Hamamatsu kumwona rubani Mmarekani Art Smith akirusha ndege. Hakuwa na pesa za kutosha za kiingilio, hivyo alipanda mti akatazama kutoka juu.

Mnamo 1922, baada ya shule ya msingi, alikwenda Tokyo kufanya kazi katika gereji iliyoitwa Art Shokai. Kwa miezi kadhaa hakupewa spana. Alikabidhiwa mtoto wa mwenye gereji ambebe mgongoni, na ufagio afagie sakafu. Aliwaza kutoroka. Tetemeko kubwa la ardhi la Septemba 1, 1923 lililoteketeza sehemu kubwa ya jiji ndilo lililobadilisha mambo, kwani gereji ilipoungua wafanyakazi wengi walirudi makwao, na kijana huyo akapata magari yaliyoungua ya kufufua. Mwaka uliofuata alikuwa fundi aliyeketi kando ya dereva katika gari la mashindano lililoundwa gerejini humo kwa injini ya ndege, na wakashinda.

Mnamo 1928 mwajiri wake alimruhusu kufungua tawi la gereji hiyo Hamamatsu. Biashara ilishamiri. Magari ya enzi hizo yalikuwa na magurudumu yenye spoki za mbao zilizopasuka na kuungua. Soichiro akabuni za chuma na kupata hataza. Pesa zilipoanza kuingia, nusura mchezo wa mashindano umgharimu maisha. Juni 7, 1936, kwenye uwanja wa Tamagawa, gari la Ford alilokuwa amelifanyia marekebisho liligongana na jingine na kupinduka. Aliumia usoni. Nduguye mdogo, Benjiro, aliyekuwa kando yake kama fundi, alivunjika mgongo. Baada ya hapo Soichiro alianza kutafuta kazi isiyokuwa ya kutengeneza magari ya watu wengine.

Alichagua kuunda ringi za pistoni. Kwa macho ringi ni kitu duni: ni pete nyembamba ya chuma inayozunguka pistoni ili moto usipenye chini na oili isipande juu. Alidhani uzoefu wa uhunzi ungemtosha. Ringi zake zilivunjika kama biskuti. Ndipo akaenda kwa walimu wa chuo cha ufundi cha Hamamatsu, akaambiwa kuwa chuma chake kilikosa kiasi kinachofaa cha silikoni. Akiwa na umri wa miaka 30 na ushei, mwenye mke na karakana, aliketi darasani na vijana, akisikiliza yaliyohusu ringi na kuyapuuza mengine. Alikataa kufanya mitihani na chuo kikamfukuza. Aliendelea kuhudhuria hata hivyo. Alipopata kandarasi ya kampuni ya Toyota, alichagua ringi 50 kati ya takriban 30,000 ili zikaguliwe. Tatu pekee ndizo zilizopita.

Ilimchukua takriban miaka miwili zaidi kuifahamu kazi hiyo. Vita vikaja, Toyota ikanunua asilimia 40 ya hisa mnamo 1942, naye akashushwa cheo katika kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Mabomu ya Marekani yaliharibu kiwanda chake kimoja na tetemeko la Januari 1945 likaangusha kingine. Vita vilipoisha aliiuzia Toyota mabaki yote kwa yeni 450,000, akatangaza kuwa anapumzika kwa mwaka mmoja, na akautumia kunywa pombe aliyoitengeneza mwenyewe nyumbani.

Mwaka huo Japani haikuwa na chakula wala usafiri wa kutosha. Mkewe, Sachi, alilazimika kupanda baiskeli umbali mrefu kutafuta mchele. Mnamo 1946 Soichiro alikuta injini ndogo za jenereta zilizotumiwa na jeshi kuendeshea mitambo ya redio, akaifunga moja kwenye baiskeli, na kwa tangi la petroli akatumia chupa ya kuwekea maji ya moto. Sachi ndiye aliyetumwa mjini kuijaribu. Injini mia kadhaa za jeshi zilipokwisha, akaunda yake. Watu waliipa jina la batabata kutokana na mlio wake, kama vile Waswahili walivyosikia mlio wa chombo hicho hicho na kukiita pikipiki.

Kampuni ya Honda Motor ilisajiliwa Septemba 24, 1948 ikiwa na mtaji wa yeni milioni moja na wafanyakazi 34. Mwaka uliofuata alijiunga nayo Takeo Fujisawa, mfanyabiashara aliyeshika masuala ya fedha na mauzo na kumwachia mwenzake injini. Mgawanyo huo uliheshimiwa kwa miaka 24. Wanahistoria wa biashara huelekea kumsifu Soichiro peke yake, lakini pasipo Fujisawa huenda kampuni ingefilisika mnamo 1954, wakati madeni ya mashine zilizonunuliwa ng'ambo yalipokomaa huku pikipiki mpya zikirudishwa na wanunuzi. Katika mwaka huo huo wa dhiki, Soichiro alitangaza kuwa kampuni yake ingeshiriki mashindano ya pikipiki ya Kisiwa cha Man, yaliyokuwa makubwa kuliko yote duniani. Alipofika huko kutazama, aligundua kuwa pikipiki za Wajerumani na Waitaliano zilitoa takriban mara tatu ya nguvu za kwake kwa injini ya ukubwa ule ule.

Hapa inafaa kueleza kwa nini. Katika injini ya mipigo minne, kila silinda huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, huushindilia, huuchoma na kisha huutoa moshi. Milango ya kuingizia na kutolea ni valvu. Valvu hizo hubonyezwa na nundu zilizo kwenye kamshafti, fito inayozunguka mara moja kila krankishafti inapozunguka mara mbili. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufungwa mara 50 kwa sekunde moja. Petroli nyingi haina maana ikiwa hewa haikuwahi kuingia. Nguvu za injini ndogo, kwa hivyo, ni suala la pumzi: iingize hewa nyingi kwa wepesi, na irudie hivyo mara nyingi katika kila dakika.

Soichiro alikuwa ameanza kulijua hilo mnamo 1951, pikipiki yake ya kwanza ya mipigo minne, Dream E, ilipopanda mlima wa Hakone wakati wa dhoruba bila kusimama, ikiwaacha nyuma yeye na Fujisawa waliokuwa wakiifuata kwa gari. Baada ya Kisiwa cha Man alilishika kwa mikono miwili. Wahandisi wake waliongeza valvu ziwe nne kwa kila silinda, wakapunguza ukubwa wa silinda na kuzidisha idadi yake. Mnamo 1959 walishiriki kwa mara ya kwanza na kutwaa tuzo ya timu katika daraja la sentimita za ujazo 125. Mnamo 1961 walishinda madaraja ya 125 na 250. Kufikia 1966 walikuwa na pikipiki ya 250 yenye silinda sita iliyozunguka mara 18,000 kwa dakika. Hesabu rahisi inaonyesha kuwa valvu zake zilifunguka mara 150 kwa sekunde.

Pikipiki iliyoleta pesa ilikuwa nyingine kabisa. Super Cub ya 1958, yenye injini tulivu ya sentimita za ujazo 50, ilibuniwa ili mtu wa kupeleka vyakula madukani aweze kuiendesha kwa mkono mmoja. Uzalishaji wake ulipita milioni 100 mnamo 2017.

Serikali ya Japani haikutaka kampuni hiyo iunde magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wizara ya biashara na viwanda iliandaa mswada wa kuzuia kampuni mpya kuingia katika sekta hiyo, na Soichiro alibishana hadharani na maafisa wake. Kisha akawahi kabla mlango haujafungwa: mnamo Agosti 1963 alizindua pikapu ndogo ya T360, na miezi miwili baadaye gari la michezo la S500. Pikapu hiyo ilikuwa kichekesho kwa namna yake. Gari la kubebea mboga lilipewa injini yenye kamshafti mbili, iliyotoa nguvu farasi 30 kwenye mizunguko 8,500. Mkulima aliyeendesha polepole hakuzipata nguvu hizo, na aliyezitaka alilazimika kuikanyaga injini hadi ipige yowe.

Katika kichekesho hicho ndimo ilimofichika kasoro ya falsafa nzima ya Soichiro. Nundu ya kamshafti huchongwa mara moja. Ikichongwa iwe ndefu ili valvu ifunguke kwa kina na kwa muda mrefu, injini hupumua vizuri ikikimbia, kwa sababu hewa inayokwenda kwa kasi huendelea kuingia hata pistoni inapoanza kurudi. Lakini kwenye mwendo wa polepole, valvu za kuingizia na za kutolea hubaki wazi kwa pamoja muda mrefu mno. Moshi hurudi ndani, injini hutetemeka, petroli hupotea. Ikichongwa fupi, hali hugeuka: gari hutulia mjini na huishiwa pumzi kwenye barabara kuu. Mbunifu alilazimika kuchagua, na Soichiro alichagua mbio.

Kasoro ya pili ilikuwa ya moyo. Mnamo Oktoba 1965 gari lake la Formula One lilishinda nchini Mexico likiendeshwa na Mmarekani Richie Ginther, na tangu hapo ilikuwa vigumu kumwambia mzee huyo kuwa amekosea. Aliamini injini inapaswa kupozwa kwa hewa, si kwa maji, kwa hoja kwamba hata maji ya rejeta mwishowe hupozwa na hewa. Aliagiza liundwe gari la mashindano la namna hiyo. Dereva mkuu wa timu, Mwingereza John Surtees, alilijaribu akalikataa akisema halijawa tayari. Julai 7, 1968, katika mji wa Rouen nchini Ufaransa, gari hilo lilikabidhiwa kwa Mfaransa Jo Schlesser. Mvua ilikuwa ikinyesha. Katika mzunguko wa tatu liliteleza, likagonga ukingo na kulipuka. Schlesser aliteketea humo. Siku hiyo hiyo Surtees alimaliza wa pili kwa gari la Honda lililopozwa kwa maji.

Mtu angetarajia msimamo ulegee. Haukulegea. Mwaka wa 1969 kampuni iliuza gari la abiria la Honda 1300 lililopozwa kwa hewa, zito upande wa mbele na ghali kuliunda. Wahandisi vijana walijua kuwa sheria za kupunguza moshi zilikuwa njiani na kwamba injini isiyodhibitika joto lake haingeweza kuzitimiza. Walimweleza, akawafokea. Alikuwa na hasira maarufu. Kuna waliowahi kurushiwa spana. Mmoja wao, Tadashi Kume, aliyekuja kuwa rais wa kampuni miaka ya baadaye, aliacha kwenda kazini kwa muda. Hatimaye vijana walimwendea Fujisawa. Fujisawa, ambaye kwa miaka 20 hakuwa ameingilia masuala ya injini, alimtaka mwenzake achague kama angependa kuwa rais wa kampuni au mhandisi wake. Soichiro alinyamaza, kisha akajibu kuwa angebaki rais. Maji yakaruhusiwa.

Uamuzi huo ndio uliozaa injini ya CVCC. Sheria ya Marekani ya 1970 ilitaka gesi mbili za sumu kwenye moshi wa magari zipunguzwe kwa asilimia 90 kufikia 1975, na kampuni kubwa za Detroit zilidai haiwezekani. Wahandisi wa Honda waliongeza valvu ya tatu, ndogo, iliyopeleka mchanganyiko wenye petroli nyingi kwenye chumba kidogo kando ya plagi. Moto ukianzia hapo uliweza kuchoma mchanganyiko mwepesi uliojaa silinda nzima. Ilitangazwa mnamo 1972 na ikawa ya kwanza kutimiza masharti hayo. Soichiro alifurahi kwamba sasa angewapiku Wamarekani. Vijana wake walimkosoa, wakieleza kuwa wao hawakukesha kwa ajili ya ushindani bali kwa ajili ya hewa inayovutwa na watu. Alikiri baadaye kwamba maneno hayo yalimwaibisha na kumwonyesha kuwa wakati wake ulikuwa umekwisha. Mnamo Oktoba 1973 yeye na Fujisawa walistaafu siku moja. Hakuna mwana wa yeyote kati yao aliyerithishwa kiti.

Ni katika kampuni hiyo, iliyozoea vijana kuwapinga wakubwa, ambamo VTEC ilibuniwa. Katikati ya miaka ya 1980 mhandisi Ikuo Kajitani na wenzake walitafuta injini itakayotulia mjini na kukimbia barabarani bila kuchagua. Walipopendekeza lengo la nguvu farasi 140 kwa injini ya lita 1.6, Nobuhiko Kawamoto aliyeongoza kitengo cha utafiti aliwataka wafikishe 100 kwa kila lita. Walifika. Gari la Integra la 1989 lilitoa 160 kwenye mizunguko 7,600, na bado lingeweza kwenda sokoni bila kutetemeka.

Siri yenyewe si ya ajabu. Kwa kila jozi ya valvu, kamshafti ina nundu tatu badala ya mbili. Zile za pembeni ni fupi na hutumika kwenye mwendo wa kawaida. Ya katikati ni ndefu, na kikono chake hubonyezwa bure bila kugusa valvu. Injini inapokaribia mizunguko 5,000, kompyuta ya gari hufungua valvu ya umeme, oili yenye shinikizo huingia ndani ya vikono na kusukuma pini ndogo zinazovifunga vitatu pamoja. Tangu hapo vyote hufuata nundu ndefu. Mwendo ukishuka, oili hurudi, springi huondoa pini, na nundu fupi hushika zamu. Toyota nayo, katikati ya miaka ya 1990, ilileta VVT-i inayotumia njia nyingine: nundu ni zile zile, ila oili huzungusha kamshafti yenyewe mbele au nyuma kidogo ili valvu ziwahi au zichelewe kufunguka. Honda iliunganisha mbinu zote mbili katika i-VTEC mwanzoni mwa miaka ya 2000, na magari mengi madogo yanayoingia bandarini Mombasa yana moja kati ya mitambo hii.

Ikumbukwe kwamba kote humo kinachofanya kazi ni oili. Ndiyo maana matatizo mengi yanayodhaniwa kuwa ya kompyuta huanzia kwenye kijiti cha kupimia oili. Kiwango kikishuka, shinikizo hupungua, pini hazisogei, taa ya injini huwaka na gari hukataa kupanda mwendo. Oili ikikaa mno hugeuka tope linaloziba kichujio kidogo cha wavu kilicho chini ya valvu ya umeme, kwenye kichwa cha injini. Fundi makini huanza hapo: hufungua bolti chache, husafisha wavu, hubadilisha gasketi iliyokauka inayovujisha, na hupima kama umeme unafika. Kubadilisha kichwa kizima cha injini kabla ya kufanya hayo ni kumwibia mteja. Hali kadhalika, mazoea ya kumimina oili nzito katika injini iliyoundiwa oili nyepesi, kwa imani kwamba nzito ndiyo yenye nguvu, huchelewesha mtambo huu, hasa asubuhi ya baridi, kwa sababu oili hiyo haipiti upesi kwenye vijia vyembamba. Kiasi na aina vimeandikwa katika kitabu cha gari au kwenye kifuniko cha oili.

Injini nyingi za Honda zinahitaji pia kurekebishiwa nafasi iliyopo kati ya kikono na valvu. Kazi hiyo hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa, kwa kipimo cha mabamba membamba. Nafasi ikiwa kubwa, injini hugongagonga na mwenye gari huja gerejini akilalamika. Ikiwa ndogo mno hakuna kelele yoyote, lakini valvu haifungi sawasawa na huungua kimyakimya. Hiyo ndiyo hatari zaidi. Mkanda unaozungusha kamshafti kwenye injini za zamani hubadilishwa kwa ratiba, bila kungoja ukatike, kwani ukikatika pistoni zaweza kugonga valvu. Injini za baadaye zina mnyororo, nao hurefuka mapema iwapo oili haibadilishwi. Na injini ikiwa inakula oili bila kuvuja nje, mara nyingi mshukiwa ni zile ringi za pistoni, ambazo 47 kati ya 50 za Soichiro zilikataliwa na Toyota.

Baada ya kustaafu, Soichiro alitumia takriban mwaka mmoja na nusu kuzuru vituo vya kampuni kote Japani, vikiwemo vidogo vyenye wafanyakazi wawili watatu, akiwapa mkono mmoja baada ya mwingine na kuwashukuru. Fundi mmoja alipoona aibu na kurudisha nyuma mkono uliojaa oili, mzee aliushika hivyo hivyo kwa mikono yake miwili. Mkono wake wa kushoto ulijaa makovu ya nyundo na mashine, na aliwahi kuyachora kwenye mchoro uliokuwa na maelezo ya kila jeraha. Alijuta, alisema, kuipa kampuni jina lake. Mnamo 1989, mwaka ule ule wa VTEC, alikuwa Mjapani wa kwanza kuingizwa katika jumba la mashujaa wa sekta ya magari nchini Marekani.

Soichiro Honda aliaga dunia Agosti 5, 1991 katika hospitali moja jijini Tokyo kutokana na maradhi ya ini, akiwa na umri wa miaka 84. Kampuni haikumwandalia mazishi rasmi. Alikuwa ameacha wosia kwamba asifanyiwe, kwa kuwa mtu anayeishi kwa kuuza magari hapaswi kusababisha msongamano barabarani.